Nililipa shilingi 120,000 kwa orodha ya maneno: tathmini yangu baada ya miezi minane

Nyota mbili kati ya tano. Ingekuwa moja, ila kijana niliyemlipa anapokea simu.

Naanza na hilo ili mwenye haraka asimalize bando lake. Aliyebaki avute kiti. Nina kitalu cha miche, hasa ya zabibu, Veyula hapa Dodoma, pembeni ya barabara ya kwenda Kondoa na Arusha, na mwenye kitalu hana haraka kwa sababu kazi yenyewe haina haraka.

Huduma niliyonunua ni hii: unatafutiwa maneno ambayo watu huyaandika Google wanapotaka kitu unachouza, halafu tovuti yako inaandikwa kwa maneno hayo ili nawe uonekane. Tovuti nilikuwa nayo tayari. Ilikuwa na picha za zabibu zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, ina kitufe cha WhatsApp, na haikuwa imeniletea mteja hata wa dawa. Mpwa wangu anayesoma UDOM alipoandika jina la kitalu changu lenyewe, tulitokea wa pili, chini ya duka la vipodozi.

Basi nikaelekezwa kwa kijana mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja mjini. Akaifungua tovuti kwenye simu, akaipitisha kidole juu na chini, akasema, "Mama, tovuti haina kosa. Tatizo huna maneno." Mume wangu alipohadithiwa alicheka mpaka akakohoa. Miaka ishirini na moja ya ndoa na hajawahi kusikia mtu akinituhumu kwa hilo.

Bei: 120,000, nusu mkononi, nusu kazi ikiisha. Muda: wiki moja. Alimaliza kwa siku tano, hilo nampa. Akanitumia faili la Excel lenye mistari 212, na kila mstari una neno, idadi ya watu wanaolitafuta kwa mwezi, na safu ya ushindani: mdogo, wa kati, mkubwa. Akaniambia maneno mengi yana ushindani mdogo, kwa hiyo miezi mitatu tu tutakuwa juu kabisa.

Nilikaa na lile faili usiku kucha, kwa maana nilishalipa na nilitaka kuona pesa yangu ilikolala.

Zaidi ya nusu ya maneno yalikuwa ya Kiingereza. Sikatai, wapo wateja wanaotafuta kwa Kiingereza, hasa wa maofisini Mtumba. Lakini mengine yalikuwa yanauliza bei kwa shilingi za Kenya. Huko sipeleki miche. Hata Kongwa napeleka kwa kunung'unika.

Nikahamia ya Kiswahili. Lililokuwa na namba kubwa kuliko yote: "faida za zabibu". Nikajiuliza, anayeandika hivyo ni nani? Ni mtu aliyeambiwa zabibu zinaongeza damu. Anataka kusoma, ale, alale. Haji Veyula na gari la kubeba miche. La pili: "zabibu kavu". Huyo anapika pilau. La tatu lilinikera zaidi kwa sababu ndilo neno langu hasa, "mzabibu". Nikaliandika kwenye simu nione Google inaleta nini, na nikaletewa mahubiri, moja baada ya jingine, juu ya Injili ya Yohana sura ya 15. Nami ni Mkristo, sina neno. Lakini mhubiri anayeandaa ibada ya Jumapili hanunui miche.

Lingine lilikuwa "kuota zabibu". Kwa furaha ya mwanzo nikadhani ni kuhusu miche kuota. Ni ndoto. Watu wanataka kujua ukiota unakula zabibu maana yake nini.

Na "kilimo cha zabibu pdf". Mpwa wangu akasema, "Shangazi, hao ni sisi." Mtu akiweka "pdf" mwishoni ana kazi ya chuo ya kukabidhi Ijumaa. Wapo wakulima pia wanaotaka kijitabu cha kusoma polepole, siwezi kusema wote ni wanafunzi, ila sijawahi kupata mteja aliyeniambia alinijia kwa pdf.

Kilichonifungua macho hasa ni namba. Mimi ni mtu wa daftari. Kila Jumamosi nahesabu miche iliyoshika, iliyokufa, iliyouzwa. Nikaona kwenye ile safu ya watafutaji kuna namba tatu tu katika mistari yote 212. Ni 55, au 550, au 5,500. Hakuna 40, hakuna 612, hakuna 3,000. Nimehesabu miche miaka tisa na haijawahi kunipa namba zinazofanana hivyo, labda kijana wa kuhesabu awe amelala.

Nikamwamsha mpwa. Tukaingia wenyewe kwenye chombo alichokitumia, Google Keyword Planner. Ni cha bure, ila kimewekwa ndani ya akaunti ya matangazo ya Google, na ukifungua akaunti hiyo inakusukuma utengeneze tangazo na uweke kadi ya benki kabla hujaona chochote. Mpwa alizunguka zunguka mpaka akapata njia ya kuruka hatua ya tangazo. Mtu wa umri wangu akiwa peke yake angekata tamaa au angejikuta amelipia tangazo. Tulipofika ndani, tukaona: kwa asiyelipia matangazo, chombo hakitoi namba kamili. Kinatoa makadirio mapana, kama 10 hadi 100, 100 hadi 1,000, 1,000 hadi 10,000. Kijana wetu alichukua katikati ya kila kundi akaandika kama vile ndiyo hesabu yenyewe. Jumlisha 10 na 100, gawanya kwa mbili: 55. Ndiyo hiyo.

Sasa, neno lenye "10 hadi 100" linaweza kuwa na watu kumi na wawili au tisini na tano. Kwa biashara ya miche hiyo ni tofauti ya kununua udongo wa gari moja au magari mengi. Ukiniambia hujui, nitakuelewa. Ukiniandikia 55, umeniuzia mbuzi kwenye gunia.

Na ile safu ya ushindani? Haihusu kabisa tovuti kushindana kuonekana. Inahusu wanaolipia matangazo, wako wengi kiasi gani kwenye neno hilo. Miche ya zabibu ina "ushindani mdogo" kwa sababu wenye vitalu hatulipii matangazo Google, sisi tunabandika kibao njiani. Kumwambia mtu kwamba kwa hiyo atakuwa wa kwanza baada ya miezi mitatu ni sawa na kusema kwa kuwa sokoni hakuna anayepiga kipaza sauti, basi nyanya zako ndizo zitanunuliwa.

Nilimpigia. Akapokea, kama nilivyosema. Akasema, "Mama, zile ni wastani." Nikamwambia wastani wa nini, baba? Akanyamaza kidogo, akasema kila mtu anafanya hivyo. Huenda ni kweli.

Kilichofuata ndicho kilichonishusha kutoka nyota tatu hadi mbili. Kwenye kazi yake kulikuwa na "kuweka maneno kwenye tovuti", na alifanya mambo mawili. Kwanza, maneno yote 212 aliyaweka sehemu ya siri ndani ya msimbo wa ukurasa, kwenye lebo ya maneno muhimu ambayo msomaji haioni. Mpwa alinionyesha: Google ilitangaza tangu mwaka 2009 kwamba lebo hiyo haiitumii kupanga matokeo. Tangu 2009! Mpwa mwenyewe alikuwa bado anatambaa. Pili, ukurasa wangu wa mbele aliuandika upya ukawa unasomeka hivi: "Miche ya zabibu Dodoma, miche bora ya zabibu Dodoma, karibu upate miche ya zabibu Dodoma kwa bei ya miche ya zabibu Dodoma." Ulikuwa kama mpiga debe wa stendi anayejaza basi. Google wenyewe wameandika kwenye kanuni zao kwamba kurundika maneno namna hiyo ni kosa, na linaweza kukushusha. Niliufuta siku hiyo hiyo.

Basi nikarudi kwenye ninachokijua. Nilinunua daftari la kurasa 96, nikalifunga kamba mezani pale kitaluni. Kwa wiki sita kila aliyekuja au kupiga simu nilimwandika, si jina lake, bali maneno yake ya kwanza kabisa, kama yalivyotoka mdomoni.

"Shikamoo mama, naulizia mbegu ya zabibu."

"Marahaba. Mbegu au miche?"

"Ile ya kupanda."

Huyo alikuwa wa kwanza, na waliomfuata wengi walikuwa hivyohivyo. Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Zabibu hatuipandi kwa mbegu. Tunakata pingili ya mzabibu mzima, tunaichomeka kwenye kiriba, yaani kifuko cha udongo, ikitoa mizizi na majani ndiyo mche. Watafiti wa kituo cha kilimo cha TARI Makutupora, ambao ni majirani zangu, wanasema vipandikizi. Mimi naandika miche. Wazee wa Mpunguzi na Hombolo, waliolima zabibu kabla sijazaliwa, wanasema pingili au wanasema tu "nataka ile nyekundu", na mimi najua ni Makutupora nyekundu. Lakini mtu aliyehamia kutoka Dar, aliyenunua ekari mbili Matumbulu baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, huyo anasema mbegu. Na huyo ndiye anayetafuta kwenye simu. Mzee wa Mpunguzi hatafuti Google. Anapanda bodaboda anakuja, anasema "Mbukwenyi", anakaa kivulini dakika arobaini, ndipo anauliza bei.

Kwa hiyo tovuti yangu yote ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya wateja ambao hawaisomi. Neno "mbegu" halikuwamo hata mara moja, na nilikuwa naliepuka kwa makusudi, kwa kuwa ni kosa la kitaalamu. Jambo kama hilo hata kijana angeleta mistari elfu asingeliona, maana alitafuta maneno bila kuuliza nani anayasema.

Neno jingine la daftarini: "ya kisasa". Miche ya kisasa, maembe ya kisasa, papai za kisasa, za muda mfupi. Mimi nilidhani maneno hayo ni ya matangazo ya uongo. Kumbe kwa mteja "ya kisasa" maana yake imebebeshwa (imeunganishwa na tawi la mti mwingine) na itazaa mapema. Nimeyaandika sasa, na chini yake nikaeleza miaka mingapi hasa atasubiri, ili asije kunililia.

Nikiwa na daftari ndipo vile vyombo vya bure vikawa na maana. Keyword Planner nilishasema. Google Trends niliitembelea mara mbili. Inakuchorea neno lilivyopanda na kushuka kuanzia 2004, lakini namba zake ni kutoka 0 hadi 100, na ile 100 si watu mia, ni kilele cha neno hilo kwa muda na mahali ulipochagua. Ukiipa neno dogo kama langu na ukabana iwe Tanzania peke yake, inaweza kukujibu kwamba data haitoshi. Kwa mwenye duka dogo Dodoma haina kazi kubwa.

Kinachofanya kazi kuliko wengi wanavyodhani ni kile kisanduku chenyewe cha Google. Andika "miche ya", acha nafasi, usibonyeze. Inaanza kukupendekezea. Ongeza "a", futa, ongeza "b", futa, endelea mpaka "z". Fanya hivyo kwenye dirisha la faragha ili isikuchanganye na uliyowahi kutafuta mwenyewe. Yale mapendekezo yanatokana na watu kweli kuandika. Kisha jaribu kubadilisha mwanzo wa neno, mche, miche, mbegu, shamba la, bei ya, jinsi ya kupanda, kwa kuwa Kiswahili chetu hubadilika kichwani, na Google inaweza kukupa orodha tofauti kwa "mche wa" na "miche ya". Usiku mmoja wa umeme wa kutosha nilijaza kurasa nne. Humo nikakuta "zabibu huzaa mara ngapi kwa mwaka", swali ambalo nimelijibu kwa mdomo maelfu ya mara bila kufikiria kuliandika. Mara mbili, kwa hapa kwetu. Sasa lina ukurasa wake.

Na Google Search Console. Hii ningeipa nyota tano na ningeipikia chai. Ni bure. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako (mpwa alibandika mstari mmoja kwa wanaotusajilia jina la tovuti, akaisubiri), halafu inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika na tovuti yako ikatokea: mara ngapi umeonekana, mara ngapi umebonyezwa, na wastani wa nafasi yako. Inakumbuka miezi 16 nyuma. Maneno yaliyoandikwa na watu wachache mno inayaficha kwa ajili ya faragha, kwa hiyo jumla ya juu na orodha ya chini hazitalingana, usidhani umeibiwa. Tofauti na lile faili la 55, hapa hakuna kukisia: mtu ameandika, wewe umetokea, amekupita au ameingia.

Wiki ya kwanza niliona "miche ya zabibu dodoma" tuko nafasi ya 14, yaani ukurasa wa pili, ambako hakuna anayefika labda amepotea. Nikabadilisha kichwa cha ukurasa kikawa "Miche (mbegu) ya zabibu Dodoma: bei, aina na jinsi ya kupanda", nikaweka bei wazi, shilingi 2,000 mche mmoja, nikaandika mahali tulipo kwa namna ya kumwelekeza dereva. Baada ya wiki kama saba tukawa kwenye nafasi ya 4. Wanaoliandika neno hilo ni wachache, kwa mwezi hawajazi hata daladala mbili. Lakini hebu piga hesabu. Nikimpimia mtu nafasi ya mita 2.5 kwa 1.5, ekari moja inameza miche kama 1,080. Kwa 2,000 ni shilingi 2,160,000. Mtu mmoja. Wale wote wa faida za zabibu waje na ndoto zao, hawafiki hapo.

Kitu ambacho sikukitarajia kilikuwa ukoka. Mwezi wa tatu nikaona kwenye orodha "ukoka wa bustani dodoma". Nilikuwa nimeutaja mara moja tu, kwenye maelezo ya picha, kwa sababu nyuma ya ofisi upo na mbuzi wa jirani wanaupenda. Watu wanajenga Iyumbu, Nala, Ihumwa, wanahamia kwenye nyumba yenye vumbi mpaka mlangoni, wanataka kijani. Nikatengeneza ukurasa, nikagawa ukoka kwenye trei, na sasa ukoka unalipa mshahara wa kijana wa kumwagilia. Mbuzi wamefungiwa.

Kwa haki ya yule kijana: aliufungua vizuri wasifu wetu kwenye ramani ya Google, akaweka namba sahihi, saa za kazi, na alama ya mahali. Kabla ya hapo ramani ilikuwa inawapeleka watu kwenye kisima cha kijiji. Wanaopiga simu kupitia hapo ni wengi kuliko wa tovuti. Kama angeniuzia hiyo peke yake kwa 40,000 ningemsifu mtaa mzima. Nilimwambia hayo yote uso kwa uso, nikamwonyesha daftari. Alilipiga picha kurasa mbili tatu. Alinirudishia 20,000, akaomba nisimtaje jina, nami sijamtaja.

Unayetaka huduma hii, muulize mtoaji namba amezipata wapi na kama akaunti yake ina matangazo yanayolipiwa. Muulize ameweka nchi gani. Kama hajakuuliza wateja wako wanaongeaje, mpe soda arudi kwake.

Jana usiku nimefungua Search Console kabla ya kulala, kama wengine wanavyofungua WhatsApp. Kuna neno jipya, limetokea mara tatu, nafasi ya 9: "mbegu za zabibu zisizo na mbegu". Nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Nimeshaliandika daftarini, na asubuhi nimempigia mtu wa Makutupora kuulizia pingili.